Keki Siku ya Mfungo

Wiki jana tulimwacha Wakiuru na uma hewani. Kwenye uma kulikuwa na keki ya karoti, juu ya keki kulikuwa na krimu, na begani kwake kulikuwa na mkono mzito wa mwanamume. Kama ulikaa wiki nzima ukijiuliza mkono huo ni wa nani, una moyo mgumu kuliko Wakiuru. Yeye hakutaka hata kujua.

"Mama Ben," mwenye mkono akasema. "Bwana asifiwe."

Sauti hiyo aliijua. Kwa miaka kumi na tisa ilikuwa imemsomea matangazo ya kanisa kila Jumapili kule kwao Wamagana. Ilikuwa ya Theuri, mzee wa kanisa, mwanamume mwenye pikapu moja, suti moja na maoni mengi.

Uma ukarudi kwenye sahani.

"Asifiwe milele," Wakiuru akajibu, krimu ikiwa bado juu ya mdomo.

Theuri hakuwa na haraka. Alizikagua keki tatu. Akazikagua glasi tatu ndefu za milksheki. Kisha akawakagua marafiki wawili wa Wakiuru: Murugi, fundi wa nguo kutoka mjini Nyeri, na Kajuju, msimamizi katika shamba moja la maua huko Timau, ambaye tangu azaliwe hajamwogopa mtu.

"Mimi nilikuwa nafikiria leo ni siku ya mfungo," Theuri akasema.

Na kweli, ilikuwa siku ya mfungo.

Wewe uliyejiunga nasi leo, sogea nikunong'oneze. Wakiuru ni mjane wa miaka arobaini na minane. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi huaga nyumbani asubuhi na mapema, Biblia mkononi na chupa ya maji kwapani, akisema anakwenda kufunga na kuomba kwenye kilima kimoja nje ya Nanyuki. Kilima kipo. Watu huomba huko. Ila Wakiuru hajawahi kukikanyaga. Murugi humngoja kwenye lami na gari lake dogo, Vitz, Kajuju hukutana nao mbele, na watatu hao huenda kujipa raha kidogo. Mwezi mmoja ni samaki wa mtoni kule Timau, mwezi mwingine ni kukandwa miguu mpaka Kajuju akakoroma mbele ya wateja.

Uongo huo ulianza kwa bahati mbaya. Mara ya kwanza Wakiuru alichelewa kurudi, na mama mkwe wake, Shosho Gathoni, akamuuliza alikokuwa. Mjane anasemaje kwamba alikuwa anakula keki? Angeulizwa ni nani amefufuka. "Nilikuwa kwa maombi," akasema. Maombi ya nini? Macho yake yakaangukia magoti ya mama mkwe, yaliyokuwa yamevimba kama viazi vya Kinangop. "Ya magoti yako, Maitu," akajibu; Maitu ni mama kwa lugha ya kwao.

Basi magoti yakapona. Wengine husema ni dawa ya kliniki, mimi simo. Shosho alishuhudia kanisani huku akirukaruka kidogo, na tangu siku hiyo kila Jumamosi ya mfungo humpikia mkamwana wake mukimo wa kufungulia, viazi na mahindi vilivyopondwa pamoja, sahani imejaa hadi huoni aliyekaa upande wa pili. Na Wakiuru, akiwa na samaki mzima tumboni, hulazimika kuumaliza. Kanisa lote linashangaa ni vipi mama anayefunga kiasi hicho anazidi kunenepa.

Haya, turudi mezani kabla milksheki haijayeyuka.

"Mzee, umetupata kazini," Kajuju akasema, macho makavu.

"Kazi gani?"

"Ya kubariki. Mwenye hii mkahawa alituita tumuombee biashara. Si ndiyo, Murugi?"

Murugi alipaliwa na milksheki. "Ndiyo," akasema alipopata pumzi. "Ati... ndio tulikuwa tunaanza."

"Na keki?"

"Utabariki keki aje kama haiko kwa meza?" Kajuju akamuuliza, kana kwamba mzee wa kanisa ndiye wa kujibu.

Theuri alifikiri. Akavua kofia. "Ni sawa basi. Tuombe. Mimi nafunga macho, Mama Ben aongoze."

Sasa Wakiuru alikuwa na tatizo la pili. Asubuhi hiyo alikuwa amepakwa rangi ya kucha, nyekundu kama pilipili iliyoiva, na alipoisikia tu sauti ya Theuri aliikalia mikono yote miwili. Mtu akiomba huku ameikalia mikono, hata malaika atauliza. Alimtazama Kajuju kwa jicho la nitakutafuta baadaye, akafumba macho, akaanza.

Aliuombea mkahawa. Aliombea viti, meza, na wanaopika. Maneno yalipomwishia akaombea friji. Friji ilipokwisha akaombea oveni. Wateja waliokuwa wakipiga picha mlima kwenye baraza wakavua kofia mmoja mmoja. Mhudumu akasimama na trei ya chai iliyokuwa ikipoa. Mwenye mkahawa, Miriti, alitoka jikoni mbio na aproni yake akidhani kuna mtu amekufa.

"Amina," Wakiuru akasema hatimaye.

"Amina," mkahawa wote ukaitikia.

Miriti alikuwa amesimama mlangoni, macho yamelowa. "Mama," akasema kwa sauti nyembamba, "ni nani alikuambia oveni yangu imekufa tangu Jumatano?"

Keki za leo, ikaja kujulikana, zilikuwa zimeokwa kwa jirani.

"Tulionyeshwa," Kajuju akasema.

Miriti alirudi jikoni akijifuta machozi na kuahidi milksheki nyingine tatu. Wakiuru alianza kuhisi kwamba labda, kwa neema tu, angetoka hapo salama. Ndipo Murugi akaitazama sahani yake.

"Mzee," akasema polepole, "keki yangu ilikuwa na kona."

Wote wakamgeukia Theuri. Masharubu ya mzee wa kanisa yalikuwa meupe kwa krimu.

"Nilikuwa naangalia kama baraka imeshika," akasema, akijipangusa kwa kofia.

Murugi aliziba mdomo. Kajuju hakuziba wake. Lakini Theuri hakucheka nao, na uso wake ukabadilika.

"Mama Ben, mimi sikukuja hapa kwa sababu ya keki. Shosho Gathoni yuko nje, kwa pikapu."

Wakiuru alilamba krimu mdomoni.

"Alinipigia simu saa kumi na mbili asubuhi," Theuri akaendelea. "Akasema, mtoto wangu anafunga mara ya saba na hakuna siku hata moja nimempelekea maji. Akapika mukimo, akaweka kwa hotipoti, tukaenda mpaka huko kilimani. Amepanda na miguu yake, na bakora. Hatukupata mtu. Ni mzee mmoja tu na mbuzi zake. Akatuambia tangu Pasaka hajaona mama yeyote akiomba hapo. Shosho akakaa kwa jiwe. Akaanza kulia, ati ndovu wametoka msituni wakakumaliza. Tulikuwa tunaenda polisi kuandikisha kwamba umepotea."

"Na umemwacha kwa gari muda huu wote?"

"Si ni wewe umeomba dakika kumi na tano?"

Hapo utani uliisha. Murugi aliinama na kunong'ona haraka. "Kuna mlango ya nyuma, kwa jikoni. Vitz iko hapo karibu. Tukitoka sasa hivi tunafika kilimani kabla yao."

"Tunakuweka kwa jiwe," Kajuju akadakia. "Unalala kama mtu amezimia kwa njaa. Wakirudi wanakupata hapo."

"Mimi sijasikia hiyo," Theuri akasema, akitazama dari. Mtu aliyekula kona ya keki ya wenyewe hawezi kuwa mkali sana.

Usimhukumu Wakiuru upesi, msomaji. Alisimama, akachukua mkoba, akapiga hatua mbili kuelekea jikoni. Alikuwa tayari. Ni dirisha lililomzuia. Kupitia kioo aliliona pikapu lililoegeshwa kandokando ya barabara, na ndani yake kichwa kidogo chenye kitambaa cha maua. Shosho Gathoni alikuwa ameikumbatia ile hotipoti kwa mikono miwili ili isipoe.

Mume wa Wakiuru, Wamae, alizikwa miaka mitatu iliyopita. Ben, mtoto wake wa pekee, yuko chuo kikuu. Katika boma lile la Wamagana wamebaki wanawake wawili, meza moja na redio moja. Kanisa zima likimcheka, Wakiuru angelivumilia. Lakini mama huyu mmoja akiacha kumwamini, angerudi jioni nyumbani kwa nani?

"Hapana," akasema. "Naenda kumwambia."

"Utamwambia nini?" Murugi akauliza.

"Vile iko."

Kajuju alifungua mdomo, akaufunga. Hilo halijawahi kutokea katika hadithi hii tangu tuianze.

Mlango wa pikapu, upande wa dereva, ulikuwa mgumu kufunguka. Wakiuru aliuvuta mara tatu, na kila mara aliziona kucha zake nyekundu zikimcheka.

"Maitu."

Shosho Gathoni aligeuka. Alimtazama kuanzia kichwani hadi viatuni kama mtu anayehesabu mifugo wakirudi zizini jioni. "Uko mzima?"

"Niko mzima."

"Ndovu hakukugusa?"

"Hakukuwa na ndovu, Maitu. Hata mfungo hakukuwa." Na kwa kuwa njia ya mwongo ni fupi na yeye alikuwa amefika mwisho wake, akayatoa yote bila kupumua. Samaki. Kukandwa miguu. Kahawa yenye povu. Mkahawa wa Othaya walikokula sambusa kumi na moja. Vitz iliyokuwa ikimngoja kwenye lami. "Sijawahi kufika huko kilimani. Nimekudanganya mara saba."

Mama mkwe aliishika hotipoti vizuri. "Na mukimo yangu?"

"Nilikuwa nakula juu ya samaki."

"Yote?"

"Yote."

"Ndio maana ulikuwa unakula ukitoa jasho," Shosho Gathoni akasema, kama mtu ambaye swali la siku nyingi limepata jibu. Kisha akauliza lile lililokuwa gumu. "Na magoti yangu?"

Wakiuru aliinamisha kichwa. "Sikuombea, Maitu. Hata siku moja. Nisamehe."

Lori la ngano likapita. Bikizee aliitazama mitaa ya Nanyuki, kisha akaitazama hotipoti mapajani.

"Ni saa ngapi sasa?"

"Saa tisa."

"Basi niko na njaa kweli. Sijaweka kitu kwa mdomo tangu jana jioni."

"Kwa nini, Maitu? Na chakula unacho mkononi?"

Shosho Gathoni alimshangaa. "Si leo ni siku ya mfungo?"

Wakiuru hakuelewa. Halafu akaelewa, akalishika lile pikapu.

"Kila mara?" akauliza.

"Tangu ile ya pili, kila mara. Wewe uko mlimani na njaa kwa ajili ya magoti yangu, mimi nikae jikoni nikitafuna? Mimi ni mtu wa aina gani? Nilikuwa nangoja urudi ndio tukule pamoja. Wewe ulikuwa unafikiria ile mukimo mingi ni ya nani?"

Miaka themanini na mmoja. Jumamosi sita. Wakiuru aliona aibu hadi masikio yakapata moto, na machozi yakamtoka palepale barabarani, mchana kweupe, watu wakipita. Alilia kama hajalia tangu mazishi. Shosho alimwacha alie mpaka atosheke.

"Ulikuwa unaomba nini, Maitu?" akauliza alipoweza kusema.

"Magoti yalikuwa na mwenyewe. Ulikuwa umeyachukua wewe. Mimi nikachukua ile ingine." Shosho Gathoni alirekebisha kitambaa kichwani. "Tangu tuzike Wamae hujawahi kucheka kwa hiyo nyumba. Unafungua meno tu, unasema ndiyo Maitu, sawa Maitu. Lakini kucheka, hapana. Nilikuwa namwambia Mungu, huyu msichana alikuja kwangu akicheka, na mimi ni mzee, sitaki kumwacha hivi."

"Maitu..."

"Ngoja. Theuri amesimamisha gari hapa aulize njia ya polisi. Nikasikia mtu anacheka huko ndani. Ile kicheko ya kuku amefukuzwa. Nikasema, Theuri, wacha polisi. Ingia uangalie, huyo ni mtu wangu."

Alifungua mlango wa upande wake, akateremka bila bakora, akakataa mkono wa Wakiuru. Alivuka baraza la mkahawa wa Miriti kama mwenye mkahawa, akaingia, na kukaa kwenye kiti cha Wakiuru, mbele ya keki ya Wakiuru.

Murugi na Kajuju walisimama kama wanafunzi mwalimu akiingia.

"Ni nani kati yenu alimfundisha kufunga na samaki?" Shosho akauliza.

Kila mmoja alimwonyesha mwenzake kwa kidole.

"Wakora," Shosho akasema, akashika uma. Alionja. Akatafuna kwa makini, akiwa amefumba macho. Meza nzima ilingoja kama inayongoja matokeo ya mtihani. "Hii imewekwa karoti?"

"Ndiyo, Shosho," Kajuju akajibu kwa unyenyekevu mgeni kabisa.

"Miaka yote hii mimi nimekuwa nikiwapatia sungura."

Theuri alicheka mpaka akakohoa. Wakiuru hakucheka. Alikuwa ameona yaliyo mbele. Kesho ilikuwa Jumapili. Kina mama thelathini na wawili walikuwa tayari wamejiandikisha kwenda naye kilimani mwezi ujao, awaongoze kwa mfungo. Wengine walikuwa wameshazungumza na waume zao. Mmoja alikuwa amemtaja Wakiuru kwa jina kwenye maombi ya familia.

"Maitu, kanisa litasema nini?"

"Litasema mengi. Watu wako na midomo."

"Na wakinifukuza kwa kikundi cha kina mama?"

Shosho Gathoni alilamba krimu kwenye uma, upande huu na upande ule. "Wakikufukuza, watakuwa wamefukuza wawili," akasema. "Lakini utawaambia wewe mwenyewe. Mimi sitakusemea, na uongo sitaki kusikia tena kwa nyumba yangu. Hata kidogo. Hata ya kusaidia."

Kabla Wakiuru hajajibu, simu ya Theuri ikalia mfukoni mwa suti. Mzee aliitoa, akaitazama.

"Ni Pasta," akasema. "Nilimpigia tukiwa kilimani. Nilimwambia umepotea."

"Mjibu basi," Murugi akamhimiza.

Theuri aliwatazama mmoja mmoja. Masharubuni bado kulikuwa na alama. Halafu akafanya lile ambalo wazee wa kanisa hufanya mambo yakiwa mazito: aliibonyeza spika, akaiweka simu katikati ya meza, akaisukuma kuelekea kwa Wakiuru.

"Mzee Theuri!" sauti ya Pasta ikajaa mkahawa. Nyuma yake kulisikika wimbo, wanawake wengi, wengine wakilia. "Mmempata? Sisi tuko hapa kwa boma yake. Kanisa yote. Tumefunga maduka, tumeacha harusi ya watu huko Nyeri. Kina mama wameapa hawataweka kitu kwa mdomo mpaka Mama Ben apatikane!"

Kajuju alianza kupunga mikono: kata, kata simu. Murugi alifumba macho. Miriti, aliyekuwa akija na milksheki tatu, alisimama pale alipokuwa.

Wakiuru alimtazama mama mkwe wake. Shosho Gathoni alikuwa akitafuna, wala hakuwa na nia ya kumsaidia.

Akavuta pumzi.

"Pasta," akasema, "ni mimi, Wakiuru. Niko mzima. Niko Nanyuki na Maitu. Tunakula keki."

Kule Wamagana, wimbo ulikatika katikati ya ubeti.